Mbegu za Kinywani

Lempi, dada yangu,
umeniachia kopo la kahawa lenye kutu shingoni
na ndani yake vumbi.
Nilidhani ni vumbi. Nikalitikisa karibu na taa,
likanijibu kwa sauti ya rasharasha:
mbegu za nauris, zile tanipu za mama,
bapa, za manjano, zenye shavu la zambarau
upande ulioota jua.

Kikaratasi kilichokunjwa humo kina mwandiko wako:
mwaka, kisha neno moja. Tema.

Kila mtu huku Kainuu anajua maana yake, nadhani,
isipokuwa mimi.
Nilikuwa msituni na shoka, au mtoni nikisukuma magogo,
na bustani ilikuwa yako.
Mimi niliiona ikiwa tayari sahanini.

Basi Juni, saa tano usiku,
jua bado limekaa juu ya misonobari
kama mgeni asiyejua kuaga,
nikasimama kwenye tuta la majivu
nikatia mbegu kinywani, ncha ya kijiko tu.
Kwa vidole hivi zingepotea;
vidole hivi vimezoea mpini.
Pff. Hatua. Pff. Hatua.
Nyingine zilinasa kwenye mapengo,
nyingine ndevuni.
Eevertti alipita na baiskeli, akasimama,
akavua kofia, hajui kama nasali
au nimerukwa na akili.
"Ninapanda," nikamwambia,
na neno lile likanigharimu mbegu arobaini.

Zikaota kumi na moja.
Wadudu warukao kama viroboto wakala nne.
Paka akalala juu ya mbili; jua lilikuwa zuri pale,
sikumlaumu.
Septemba nilikuwa na tano,
na iliyo bora nikaifunga uzi mwekundu shingoni:
hii haliwi, hii ni mama.

Jumapili akaja Venla, mjukuu wako, kutoka Oulu,
na meno mapya mawili ya mbele.
Akauona uzi.
Kwao kitu kikifungwa utepe ni zawadi.
Akang'oa, akapangusa udongo kwenye suruali,
akauma, kra!
Nilikaribia kupiga yowe, Lempi.
Miaka mia ya akina mama
ikitafunwa mbele yangu kwenye ngazi za sauna.
"Inawasha puani," akasema, "halafu inakuwa tamu,"
akanipa nusu.

Nikala.
Ndiyo, nilikula mbegu, na ningekula tena.
Ilikuwa ni ule ubaridi, ule ukali kama wa haradali,
kisha wewe una miaka tisa,
umekaa juu ya pipa, magoti yana masizi,
unanitupia maganda.

Zile nne nikazifukia mchangani, chini ya sakafu.
Husemwa akiba haiozi.
Ilioza. Moja kabla ya Krismasi,
nyingine Machi, nikaijua kwa harufu.
Nilishuka kila jioni na tochi
kama anayekwenda kuwajulia hali wagonjwa,
nikibonyeza kwa kidole gumba: bado, bado.

Mei nikazirudisha ardhini mbili zilizobaki,
karibu karibu, maana kitabu cha maktaba kinasema
tanipu moja peke yake haizai,
hata ichanue vipi.
Nilisoma mstari huo mara mbili
kisha nikaenda kupasua kuni zisizohitajika.

Zikarefuka hadi kifuani pangu, maua ya njano,
nyuki wanene wakigombana humo mpaka usiku mweupe.
Vitumba vikakauka. Nikavipura juu ya shuka lako,
lile la maua ya buluu, samahani.

Kopo sasa limejaa hadi nusu.
Venla ameuliza kwa simu kama atatema yeye;
meno, anasema, yameshajaa yote.
Nimekitoa kile kikaratasi,
nikalowesha kalamu ya risasi kwa ulimi,
na chini ya neno lako
nikaongeza langu:
Usiongee.